Vilivyoazimwa Ndivyo Vilivyopona

Hotuba hii niliitoa Leiden, Uholanzi, mbele ya wapenda vitabu wa Afrika Mashariki na Kongo tunaoishi huku. Wengi mlikosa, huyu kwa zamu ya kazi, yule kwa treni iliyofutwa, na mmeniomba niiweke nzima. Nimeiacha kama nilivyoisema. Picha za ukutani tu ndizo sikuzitia.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana mlioniamkia mlangoni, marahaba. Na nyie mliojificha nyuma ya simu ili msiniamkie, nimewaona, marahaba pia. Ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi, jambo sana. Wenyeji wetu Waholanzi mliokuja na Kiswahili chenu cha Shinyanga na Morogoro, karibuni. Leo hatutafsiri.

Naanza kwa kuuliza. Nani hapa ana kitabu cha Kiswahili nyumbani kwake? Inueni mikono. Msione haya, hata cha nyimbo za dini, hata cha mapishi kilichoganda mafuta. Naam. Karibu nyote. Msishushe kwanza. Nani kati yenu kitabu chake kimesomwa na mtu wa nje ya nyumba yake tangu mwaka jana?

Mnaona mikono inavyoporomoka?

Hilo ndilo lililonileta. Sikuja kuwasifia vitabu. Mtu aliyepanda treni mbili Jumapili ya mvua kuja kusikiliza habari za vitabu hahitaji kusifiwa vitabu. Nimekuja na neno moja, nami nitalirudia mpaka mnichoke. Ugenini, kitabu kisichotoka nje ya nyumba hufa na mwenye nyumba. Hufa na mwenye nyumba!

Kwa kuwa tuko Leiden, nianze na mgeni mwenzetu. Mwaka 1593 alihamia mji huu Mfaransa mmoja, Joseph Scaliger. Chuo Kikuu cha hapa kilimtaka kwa jina lake tu, hakikumlazimisha hata kufundisha. Ajira ya namna hiyo mimi sijawahi kuiona ikitangazwa. Mtu huyu alikuwa na maradhi yetu: alikusanya vitabu. Na si vya Kilatini peke yake, ambavyo kila msomi alikuwa navyo. Alikusanya vya Kiebrania, vya Kiarabu, vya Kisiria, vya Kihabeshi. Fikirini, karne ya 16, barua yenyewe ikienda kwa farasi na jahazi, halafu kitabu cha Uhabeshi kimelala kwenye nyumba ya mpangaji Mfaransa katika mji huu wa mifereji.

Alikuwa akiishi vipi na vitabu hivyo? Aliishi na watu. Vijana walikuja kwake, wengine wakapanga humo humo, wakikaa naye mezani na kuandika aliyoyasema wakati wa kula. Mmoja wa vijana wake, Daniel Heinsius, ndiye aliyekuja kuwa mkutubi wa chuo. Barua za Scaliger mwenyewe zilikuwa zikienda na kurudi Ulaya nzima. Mgeni yule hakuwa mpweke, na wala hakuwa mtu mpole. Ulimi wake ulikuwa mkali ajabu. Lakini nyumba ilikuwa wazi.

Scaliger akafariki Januari 1609. Sasa sikilizeni. Katika wosia aliandika kwamba vitabu vyake vya lugha za mashariki viende kwenye maktaba ya chuo. Vikaenda. Viliwekwa katika kabati lao peke yao, na katika picha ya maktaba hiyo iliyochorwa 1610 kabati lile linaonekana, jina la Scaliger likiwa juu yake, huku vitabu vya rafu nyingine vimefungwa minyororo kama mbuzi wa sikukuu. Mpaka leo viko Leiden. Na vile vingine? Vile ambavyo wosia haukuvipa chuo? Vilipigwa mnada mwaka ule ule wa 1609, kila mnunuzi akashika njia yake.

Mtu mmoja. Nyumba moja. Pengine vilikuwa vikikaa chumba kimoja. Kilichovitenganisha ni mistari michache kwenye karatasi.

Na mkitoka hapa, kabla hamjakimbilia kituoni, piteni Rapenburg mtazame jengo dogo la matofali ukingoni mwa mfereji. Hilo ni maktaba ya Thysius. Kijana aliyefariki 1653, umri miaka 31, akaacha vitabu vyake na guilda 20,000, fedha ya Uholanzi ya enzi hizo, ili ijengwe nyumba ya vitabu kwa manufaa ya watu wote wanaosoma. Jengo lilikamilika 1655. Lipo. Vitabu vimo. Miaka 31, wapendwa. Sisi tuna mvi na hatujaandika hata jina kwenye jalada.

Najua mnachosema moyoni. Hao walikuwa na guilda, sisi tuna mkopo wa nyumba. Basi nije kwetu.

Baadhi yenu mlimfahamu Mzee wetu wa Rotterdam. Sitamtaja jina, wanawe wangependa hivyo. Alikuwa mtu wa Unguja, baharia, aliyeshuka melini akaoa akabaki. Flati yake ilikuwa ghorofa ya juu, vyumba viwili na stoo ya kufuli kule chini. Rafu alizitengeneza mwenyewe kwa mbao za kreti za bandarini. Ukizichunguza uliona bado maandishi ya mzigo: tarehe, uzito, jina la bandari. Juu ya mbao hizo alipanga tenzi, riwaya za upelelezi za Unguja, vitabu vya kiada vya miaka ya sitini, hotuba za Nyerere, magazeti yaliyoshonwa kwa uzi wa nyavu. Vitabu alivipata melini, alivipata kwa jamaa, alivipata Ijumaa kwenye soko la vitabu la Spui kule Amsterdam, na kila Jumapili ya kwanza ya Agosti alikwenda Deventer, ambako vibanda vya vitabu hupangwa kilomita kadhaa kando ya mto. Alikuwa akienda na kirukwama cha sokoni, kile cha magurudumu mawili, na chupa ya chai. Muuzaji akimtajia bei, yeye huvuta kiti na kukaa. Mzungu akimwona amekaa anateremka mwenyewe.

Lakini siwaelezi habari za rafu. Nawaeleza habari za daftari.

Kando ya mlango wake, juu ya kabati la viatu, palikuwa na kaunta buku la jalada gumu. Juu yake aliandika kwa kalamu ya wino: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiazima kitabu, huondoki mpaka uandikwe. Jina la kitabu, jina lako, simu, tarehe, na hali ya kitabu. Hapo kwenye hali ndipo mzee alipokuwa hakimu. "Jalada limechanika kona ya chini." "Ukurasa wa 40 una doa la chai, si la huyu." Si la huyu! Anakutolea ushahidi kabla hujashitakiwa. Ukirudisha, anapekua ukurasa kwa ukurasa mbele yako, halafu anapiga mstari mmoja kwa rula.

Na ukichelewa? Simu inalia saa mbili usiku, umetoka kazini miguu inawaka. "Mwanangu, kitabu changu hakijambo? Kinakula?" Hakuulizi utakirudisha lini. Anauliza kama kinakula. Unabaki kucheka na kujitetea, na mwisho wa simu mmezungumza nusu saa juu ya kile kitabu, na umegundua kwamba sura ya tatu hukuielewa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sawa, hiyo ni nguo. Mimi kitabu cha kuazima kilinisitiri upweke wa miaka yangu ya mwanzo katika nchi hii, na sisemi hivyo kwa madaha. Mnaijua ile Novemba ya huku, jua linazama saa kumi na nusu jioni, simu ya nyumbani ni ya kuombwa hela. Kuwa na mtu mmoja tu mjini anayekupigia simu kuuliza umefika ukurasa wa ngapi si jambo dogo.

Mzee alifariki wakati wa baridi. Mnajua tunavyokuwa katika msiba wa ugenini. Tulichangishana nauli ya mwili. Tulikimbizana na karatasi za ubalozi, za hospitali, za shirika la ndege. Tulisoma khitma. Tulipika. Tulifanya kila kitu tunachokijua, na tulikifanya vizuri. Vitabu hakuna aliyevikumbuka.

Wanawe ni watu wema. Wamezaliwa huku, Kiswahili wanakisikia wakikijibu kwa Kiholanzi, kukisoma hawawezi. Na nyumba za kupanga za huku mnajua sheria zake: unarudisha funguo, flati ikiwa tupu kabisa, hata zulia na mapazia yasiwepo. Wiki chache tu. Wakaita gari. Kilichofaa kikaenda duka la mitumba, na karatasi zikaenda kwenye kontena la karatasi. Nilipopiga simu baada ya arobaini, mbao za kreti zilikuwa zimekwisha kukatwa.

Nani wa kulaumiwa hapo? Mimi simwoni. Mtoto aliyepewa wiki chache na vitabu mia kadhaa vya lugha asiyoisoma afanye nini?

Kitu kimoja binti alikiacha, kwa sababu alitambua mwandiko wa baba yake. Kaunta buku. Akaniomba nimsomee. Tukakaa jikoni kwake, mimi nikisoma, yeye akiuliza huyu ni nani, na huyu, na huyu. Ukurasa baada ya ukurasa. Mstari wa rula, maana yake kitabu kilirudi. Mstari wa rula, kilirudi. Mstari wa rula. Halafu jina lisilo na mstari. Utrecht. Halafu jingine. Antwerp. Jingine, Birmingham, mtu alihama nacho.

Mmeshaelewa? Kila kitabu kilichorudishwa kwa uaminifu kilikwenda kwenye kontena. Kila kitabu kilichocheleweshwa kilikuwa hai.

Chekeni, lakini msicheke sana nyie wenye madeni.

Sisemi msirudishe vitabu vya watu. Mkutubi mmoja yuko hapa ameshaanza kunikazia macho. Nasema hivi: vitabu vya mzee wetu vilivyopona vilipona kwa sababu vilikuwa na nyumba nyingine. Palikuwa na mtu mwingine aliyevijua kwa majina. Vilivyoazimwa ndivyo vilivyopona. Vilivyokaa salama kabatini, vimepangwa, vimefutwa vumbi, vimefungiwa mlango, ndivyo vilivyopotea.

Tukapiga simu zile namba. Na hapa ndipo habari inapogeuka kuwa ya urafiki, kwa sababu watu wa lile daftari hawakuwa wakijuana. Kila mmoja alimjua mzee tu. Tukawaita waje na vitabu vyao nyumbani kwa dada mmoja Utrecht, kama wanaorudisha. Wakaja. Wameshika vitabu kwenye mifuko ya dukani, wamesimama sebuleni, na wa kumrudishia hayupo. Mtu utafanya nini? Tukakaa tukasoma.

Yule mwenye nyumba ni mtu wa Mvita, Mombasa. Kitabu alichokuwa amebaki nacho ni cha Abdilatif Abdalla, zile tungo alizoziandika gerezani Kenya. Vijana, mnaijua habari hii? Alifungwa 1969, miaka mitatu, kwa sababu ya karatasi aliyoandika akiuliza Kenya twendapi. Humo gerezani alitunga kwa siri na kuandika juu ya karatasi za chooni. Zikatoka kitabu 1973. Naye baadaye akawa mgeni kama sisi, Dar es Salaam, kisha London, kisha akafundisha Kiswahili Leipzig kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa nimeshasoma tungo zile. Nilidhani nimezisoma. Dada akavua miwani, akafunga kitabu, akaghani. Kwa sauti ya kikwao, kwa mahadhi, vina vinaangukia pale vinapotakiwa kuangukia. Mtu wa Muheza kama mimi, niliyesomeshwa shairi kwa kuhesabu mizani ubaoni, nilikaa kimya. Chai ilipoa. Mtoto wa jirani alikuja kuuliza kama kuna tatizo.

Kitabu kile ningekaa nacho peke yangu miaka 100 nisingekisikia. Kilitaka mtu wa Mombasa awe chumbani.

Na kulikuwa na kaka yetu wa Lubumbashi, yuko pale dirishani anajifanya hanisikii. Huyu kwa miezi alikuwa akija anakula, anasikiliza, hasomi. Kiswahili chetu alikiita Kiswahili cha bendera. Anasema nyie mnaongea kama redio, kwetu mtu akiongea hivyo tunadhani ametumwa na serikali. Yeye vitabu vyake ni vya Kifaransa, Kiswahili ni cha nyumbani na cha migodini, hakijapata kuwa cha rafu. Ndivyo alivyoamini. Mpaka siku moja mmoja wetu akaokota Spui kitabu kilichochapwa Amsterdam 1990. Ndani yake mna maandishi ya 1965, ya mtu anayeitwa André Yav, aliyeandika historia ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwa ajili ya chama cha watumishi wa majumbani. Maboi, wapishi, watu waliofua nguo za Wabelgiji. Kwa Kiswahili chao. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Johannes Fabian, ndiye aliyeyatoa kitabu.

Kaka alikishika. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, akaacha. Akasoma tena. Akasema, "Huyu ni baba yangu mdogo anaongea." Halafu akatusomea mpaka treni ya mwisho ikatuacha, na safari ile sisi wa pwani ndio tuliokuwa tukiuliza maana, sisi wenye Kiswahili cha redio. Tangu siku hiyo hatujamsikia tena akitutania habari ya bendera. Nasema uongo, anatutania kila wiki. Lakini anasoma.

Mama wa Kiholanzi aliyekaa mstari wa mbele alikuwa Shinyanga miaka ya sabini, kwenye mradi wa visima. Yeye kule ndiye aliyekuwa mgeni mwenye maktaba. Mama yake alikuwa akimtumia riwaya kwa meli, zinafika Dar, zinafika Shinyanga baada ya miezi zimeliwa pembe na panya. Akishazisoma zilikwenda kwa Waholanzi wenzake wa vijiji vingine. Zilikwendaje? Kwa dereva wa mradi. Nimemwuliza mkutubi wenu alikuwa nani, akaniambia alikuwa dereva Msukuma ambaye hakujua neno la Kiholanzi, lakini alijua kitabu gani kipo kwa nani, na nani anakilalia. Vitabu vya Kiswahili alivyonunua Dar wakati ule, vyenye mihuri ya maduka yaliyokwisha kufungwa, ameanza kutuletea. Kimoja kimoja. Ana akili, anataka awe na sababu ya kurudi.

Sasa nije kwenye maneno yenu, kwa sababu kila ninaposema haya kuna wanaoninong'oneza.

La kwanza, vitabu havirudi. Kweli. Na ugenini inauma zaidi, kwa sababu kila kitabu kilifika kwa vita. Kilo 23 za begi, shangazi ameshaleta dagaa, unga wa muhogo na vitenge vya harusi, na wewe umeshika riwaya tatu mbele ya mzani unachagua kati ya fasihi na dagaa. Ukisema utumiwe kwa posta, tangu Julai 2021 kila kitu kinachonunuliwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kinatozwa kodi, hata cha bei ndogo, kwa hiyo kitabu kinafika na bili. Najua. Lakini nijibuni: kitabu kilichoazimwa kikapotea, na kitabu kilichofungiwa kikatupwa, kipi kimepata msomaji?

La pili, siku hizi tunasoma kwenye simu. Someni. Mimi pia nasoma. Ila mengi mnayonunua humo hamna ruhusa ya kuyarithisha, na vitabu vingi vya zamani vya Kiswahili havijawahi kuingia humo.

La tatu ndilo zito, na lilisemwa na mama mmoja kwa uchungu: watoto wangu hawatasoma hivi vitabu, vya nini basi? Mama, mrithi wa nyumba si lazima awe mrithi wa vitabu. Watoto wape nyumba. Vitabu mpe anayesoma.

Na hili si geni kwetu, hatukulijifunza kwa Scaliger. Nendeni Lamu, msikiti wa Riyadha. Aliyeuasisi ni Habib Saleh, naye alikuwa mgeni, mtu wa Ngazija aliyehamia Lamu karne ya 19. Pale wamehifadhi miswada ya zamani, na siku hizi imepigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza kwa hiyo unaweza kuitazama ukiwa kitandani kwako Den Haag. Katika kurasa za mwanzo za baadhi ya vitabu hivyo imeandikwa kwamba ni wakfu. Maana yake hakiuzwi, hakirithiwi, ni cha wanafunzi. Mstari mmoja ukurasa wa kwanza. Bibi na babu zetu walikuwa wakiandika mstari ule, nasi tumeusahau tulipojifunza kununua rafu za kujiunganishia wenyewe.

Na hapa hapa Leiden kuna vitabu vya jamaa zetu. Mnamjua Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliyeondoka Zanzibar 1866 na kuolewa na Mjerumani. Utotoni wasichana walifundishwa kusoma, si kuandika, naye akajifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Alifika Hamburg, akafiwa na mumewe 1870, akabaki na watoto wadogo watatu katika lugha isiyo yake, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Alifariki Jena 1924. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, alikusanya vitabu na karatasi za habari za Oman na Zanzibar, na 1937, akiwa hai bado, akavikabidhi kwa Taasisi ya Mashariki ya hapa Leiden. Leo viko katika maktaba ya chuo. Unaomba, unaletewa mezani.

Akiwa hai bado! Hilo nimelipigia mstari kwa rula ya mzee. Hakusubiri watu waje na gari.

Msidhani kila mtu atapokelewa hivyo. Maktaba ya chuo huchagua, na nakala yako ya tatu ya kitabu cha shule hawaitaki. Sisi ndio tutakaoitaka. Ndiyo maana tumeanzisha upya daftari. Si langu wala la dada wa Utrecht. Ni kaunta buku lile lile la mzee, kurasa zake zilizobaki wazi, binti yake ametukabidhi. Ukiwa mwanachama wa lile daftari unafanya mambo machache tu. Unaandika vitabu vyako vya Kiswahili, hata kama ni viwili. Ukurasa wa kwanza wa kila kimoja unaandika jina lako na jina la mtu atakayekichukua usipokuwepo, na unamwambia mtu huyo, usimwachie mshangao. Na wanao wawe na namba ya simu ya mmoja wetu, iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, kwa Kiholanzi, kwa herufi kubwa: kabla ya kutupa, piga hapa.

Simu mbili tumeshapigiwa. Moja ilikuwa ya vitabu vya Kisomali, tukawapa wenyewe. Ya pili ilikuwa ya mjane wa Kibelgiji, stoo nzima, tulikwenda na magari mawili na tukarudi na mgongo mbovu. Baadhi ya vilivyotoka humo viko meza ile ya nyuma.

Kitabu cha mkutano ujao ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis ikatolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Mzanzibari aliyeandika kwa Kiingereza akiwa Uingereza, akatafsiriwa akachapwa nyumbani, nasi tumembeba kwenye begi kumleta Uholanzi. Huyu kwa kusafiri anatushinda sote. Nakala ni tatu tu. Ya kwanza inaanzia Rotterdam, ya pili Utrecht, ya tatu nampa kaka wa dirishani, maana akianza yeye tutajua mapema kilipo kigumu. Kila mtu wiki mbili. Ukimaliza unampigia anayekufuata kwenye orodha, humtumii ujumbe, unapiga, na mnakutana popote mnapoweza, hata kituoni Utrecht chini ya ule ubao mkubwa wa treni. Zamu za usiku zitaongezewa wiki.

Pilau iko tayari, naambiwa. Kabla hamjanyanyuka, mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipomtaja dereva wa Shinyanga. Karibu, mzee, tunakusikiliza.